Diwani aliyetoka Ng'ambo

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, hukabidhiwa karatasi tano. Moja ni ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, moja ya Rais wa Zanzibar, moja ya mbunge atakayekwenda Dodoma, moja ya mwakilishi atakayekwenda Chukwani, na moja ya diwani. Nne za mwanzo zina kelele zake: mabango, misafara ya magari, ngoma, fulana na khanga. Ya tano ni yatima. Wapo wanaoiwekea alama kwa kufuata rangi ya chama tu, na wapo wanaolisoma jina la mgombea kwa mara ya kwanza wakiwa wameshaingia kituoni.

Haiko Uroa peke yake hali hiyo. Kote Unguja udiwani umekuwa cheo cha kumfuta mtu machozi: aliyeanguka katika kura za maoni za uwakilishi huambiwa asikate tamaa, ajaribu huko chini. Mimi naona tumeukosea adabu udiwani. Zanzibar imewahi kuwa na mwanasiasa aliyeanzia kwenye baraza la mji, akachaguliwa katika chombo cha kutunga sheria, mwisho akaitawala nchi. Sura yake imo katika sarafu ya shilingi 500 iliyomo mfukoni mwa msomaji sasa hivi.

Abeid Amani Karume aliingia udiwani wa mji wa Zanzibar mwaka 1954. Tunamkumbuka sana Karume wa Januari 1964, Karume wa Muungano na Karume wa Michenzani, lakini Karume diwani ametutoka kichwani. Kumsahau huyo ni kuukata mti huku tukiendelea kulisifu tunda.

Alizaliwa mwaka 1905 Mwera, kijiji ambacho gari ya kutoka mjini hukipita kabla ya kufika Dunga, kisha Chwaka, kisha Uroa. Skuli hakukaa nayo sana. Akiwa bado kijana alichukua kazi ya ubaharia katika meli za mizigo, akazunguka bandari za dunia, London ikiwemo. Aliporudi kukaa nchi kavu, mwishoni mwa miaka ya 1930, aliongoza umoja wa watu wa mashua za mota zilizokuwa zikiwateremsha abiria kutoka melini hadi pwani. Meli kubwa wakati ule zilitia nanga nje, na bila ya mashua hakuna aliyekanyaga Forodhani. Mtu anayepanga zamu za mashua, anayeamua ugomvi wa nauli na kugawa mapato kwa wenzake, anafanya siasa hata kama hakuna anayeiita hivyo. Juu ya hayo alikuwa mtu wa mpira na mtu wa chama: Jumuiya ya Waafrika, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1934, ndiyo iliyomlea mpaka akawa kiongozi wake.

Ili kuelewa udiwani ulimpa nini, lazima tuvuke Darajani. Mji wa Zanzibar wakati wa Waingereza ulikuwa miji miwili iliyotengwa na kipande cha maji ambacho sasa kimefukiwa. Upande wa magharibi ulikuwa Mji Mkongwe, nyumba za mawe na chokaa, afisi za serikali, mabalozi, maduka makubwa. Upande wa mashariki ulikuwa Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti, watu wa gati, wachukuzi, mafundi, watumishi wa majumbani na wauza samaki. Ng'ambo ndiko walikokuwa watu wengi na ndiko ilikokuwa huduma chache. Nyumba ya mtu ilikuwa yake lakini ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya mwengine, na kodi ya kiwanja ilikuwa kero ya miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaazi waligoma kuilipa. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima.

Baraza la mji ndilo lililokuwa likishughulika na mambo yanayomgusa mkaazi wa Ng'ambo kila anapofungua mlango: taka, mitaro, taa za njiani, masoko, vibali vya kujenga. Mtawala wa kigeni hakuliogopa baraza kama hilo. Alidhani ni mahali pa kuwashughulisha wenyeji kwa mambo madogo ili yale makubwa wasiyaguse. Hesabu yake haikuwa sawa. Diwani alikuwa na sababu ya kuingia kila kichochoro na kila nyumba, na akitoka humo anayajua majina ya watu na shida zao. Walioandika magazeti na kufundisha skuli walikuwa na hoja nzuri kumshinda, lakini Karume alikuwa na mitaa.

Nje ya mji mambo yalikuwa mengine kabisa. Katika vijiji vya mashariki na kusini, Uroa ikiwa miongoni mwao, utawala wa wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko Waingereza na kuliko usultani. Vijiji viliendeshwa na wazee waliojulikana kama watu wanne, walioamua habari za mashamba, visima, mipaka na sherehe za mwaka, na juu yao walikuwapo masheha waliomtambua Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, ambaye magofu ya jumba lake yangali yanaonekana Dunga. Waingereza walimchukua sheha wakamfanya mtumishi wao, wakamweka chini ya mudiri, ofisa wa serikali yao. Amri iliteremka kwa njia hiyo vizuri sana. Malalamiko hayakuwa na njia ya kupandia.

Matokeo yake yalionekana Julai 1951 katika tukio ambalo wazee wanaliita Vita vya Ng'ombe. Serikali ilitaka mifugo itiwe dawa kwa lazima. Wakulima wa upande wa Kiembesamaki, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa. Wakakamatwa, watu wakaandamana kwenda kuwatoa, risasi zikapigwa, na watu wakafa. Ugomvi wa ng'ombe kutiwa dawa ungeweza kumalizwa na diwani mmoja mwenye kusikilizwa juu na chini. Hakuwepo.

Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo tangu 1926. Lilikutana katika ukumbi wa Victoria, Vuga, jengo lililosimamishwa juu ya mabirika ya kuogea ya wanawake wa Sultani Seyyid Barghash. Wajumbe wote waliteuliwa: maofisa wa serikali, wakubwa wa jamii za Kiarabu na Kihindi, na mmoja wawili wa Kiafrika waliotiwa baadaye. Mwaka 1956 aliletwa Walter Coutts kutazama namna ya kuingiza kura. Alipendekeza viti sita vya kuchaguliwa, vinne Unguja na viwili Pemba, na uchaguzi ukapangwa Julai 1957. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, na wanaume waliwekewa masharti ya umri, elimu na mali.

Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na watu wa Jumuiya ya Washirazi wa Unguja walikubaliana kuungana, na Karume akawa rais wa umoja huo, ambao ndio uliokuja kuwa Afro-Shirazi Party (ASP). Miezi mitano baadaye alisimama Ng'ambo. Aliyesimama naye alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Zanzibar Nationalist Party (ZNP), mtu aliyesoma Makerere, mwandishi na msemaji hodari, ambaye angeweza kutafuta kiti chengine lakini alichagua kupambana hapo hapo. Chama chake kilijaribu kwanza kumwondoa Karume kwa sheria, kwa madai kwamba si mzaliwa wa Zanzibar. Mahakama ikayakataa madai hayo. Kura zilipohesabiwa Karume alikuwa na zaidi ya 3,000, na Ali Muhsin hakufika 1,000. ZNP haikupata hata kiti kimoja.

Hapa ndipo nasimama kidogo. Wanahistoria wengi huyaeleza matokeo yale kwa kabila na rangi, na hakuna anayeweza kusema hayo hayakuwapo. Lakini tazama aina ya mtu ambaye Ng'ambo ilimchagua. Wakaazi walikuwa wameshamwona mtu huyu akifanya kazi. Walijua mashua zake, klabu yake ya mpira, nyumba yake, na miaka mitatu walikuwa wamemwona kwenye baraza la mji. Ali Muhsin aliwaletea fikra ya taifa, na ilikuwa fikra kubwa. Karume aliwaletea uso waliouzoea. Katika jimbo dogo, la watu wanaojuana, uso uliozoeleka una kura nyingi.

Mwaka huo huo ng'ambo ya bahari, upande wa Kenya, lilitokea jambo la kufanana nalo. Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyekuwa amepitia mabaraza ya mji wa Mombasa, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Machi 1957. Kenya ilipogawanywa majimbo mwaka 1963, Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani, lenye bunge lake dogo la mkoa. Majimbo hayo yalikufa mapema. Kufikia mwisho wa 1964 chama chake cha KADU kilikuwa kimejivunja na mamlaka yote yamerudi Nairobi. Wakenya wa leo wenye mabaraza ya kaunti 47 tangu 2013 wanaishi katika nyumba ambayo Ngala aliichorea ramani kabla ya wakati wake.

Turudi Unguja. Miaka sita aliyokaa Karume katika chombo cha kutunga sheria haikuwa ya raha. ASP ilipasuka mwaka 1959, pale Mohamed Shamte wa Pemba na Ameri Tajo wa Makunduchi, miongoni mwa wengine, walipojitenga na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP). Katika uchaguzi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, kimoja kati ya hivyo, Chake Chake, kwa kura moja tu. ZNP ikapata 9 na ZPPP 3. Wale watatu wakagawanyika, pande mbili zikawa kumi na moja kwa kumi na moja, na nchi ikarudi kwenye kura Juni mwaka huo. Kiti kimoja kiliongezwa ili sare isijirudie. Siku ya kura na siku zilizofuata yalizuka mauaji yaliyochukua roho za watu 68. ZNP na ZPPP wakaunda serikali.

Julai 1963 ndiyo iliyotia kidonda. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 kati ya 31. Namna ilivyotokea si siri: kura za ASP zilirundikana. Katika majimbo ya Ng'ambo na mashamba ya katikati ya Unguja chama kilishinda kwa maelfu ambayo hayakukisaidia kwengine, na wapinzani wao wakashinda majimbo mengi kwa kura chache chache. Nguvu ya mitaani iliyomwingiza Karume barazani ndiyo hiyo hiyo iliyomfungia mlango wa serikali. Mtu akijengwa na mitaa yake tu, mipaka ya mitaa hiyo humsubiri.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yamesimuliwa sana, na leo hii sitayarudia. Linalotuhusu ni nini kiliupata ukumbi wa Victoria. Katiba ilisimamishwa, bunge likavunjwa, na Baraza la Mapinduzi likachukua kazi ya kutunga sheria, kuzitekeleza, na mara nyengine kuhukumu. Kwa miaka kumi na sita Zanzibar haikuwa na chombo cha kutunga sheria chenye wajumbe waliochaguliwa. Mabaraza ya miji na wilaya ya namna ya zamani nayo yaliondoka, kazi zake zikaingia mikononi mwa serikali na matawi ya chama. Diwani wa 1954, mjumbe wa 1957, alivunja ngazi mbili alizopandia.

Wapo watakaosema asingeweza kufanya vyengine, nchi ilikuwa imetoka katika damu. Kwa mwaka wa kwanza naweza kuwasikiliza. Miaka minane ni mingi. Ali Muhsin, mshindani wake wa Ng'ambo, alikaa katika jela za Bara takriban miaka kumi. Abdulla Kassim Hanga na Othman Sharif, wenzake wa ASP waliohangaika naye katika chaguzi zile zote, walirudishwa Zanzibar mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Mtu aliyekubali kupingwa kwa kura mbele ya macho ya Mwingereza hakukubali kupingwa kwa maneno ndani ya chama chake mwenyewe. Udiwani ulimfundisha kujua shida za watu. Kusikiliza anayekukatalia haukumfundisha, au alilisahau somo hilo alipofika juu.

Hata hivyo, ukitaka kumwona diwani ndani ya Rais, tazama alivyotumia mamlaka. Ardhi ilitaifishwa, na maelfu ya familia zikagaiwa eka tatu tatu. Kodi ya kiwanja, ile kero ya Ng'ambo ya tangu miaka ya 1920, ikaondoka pamoja na wenye viwanja. Matibabu na masomo yakawa bure. Kisha yakaja majengo: kwanza Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, halafu Michenzani, yale majumba marefu yanayokutana mzungukoni, yaliyosimama pale pale palipokuwa na mitaa ya udongo na makuti. Nje ya mji zikajengwa nyumba za ghorofa Makunduchi, Wete, Chake Chake na Mkoani. Wasanifu wa majengo wanazicheka, watalii hawazipigi picha, na wakaazi wake wa zamani walikuwa wakilalamika kubeba maji ghorofani. Lakini ni serikali ya mtu aliyekaa kwenye kikao cha baraza la mji akisikia habari ya paa linalovuja, akaondoka na hasira. Hakuwa na mpango mkubwa wa uchumi. Alikuwa na orodha ya diwani, na safari hii hakuna aliyeweza kumnyima fedha.

Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, makao makuu ya ASP, akiwa kwenye bao na wenzake jioni. Makaazi yake ya siasa yalibaki upande ule ule wa Darajani mpaka mwisho.

Aboud Jumbe aliyemrithi ndiye aliyefungua tena mlango. Januari 1980 Baraza la Wawakilishi lilikutana kwa mara ya kwanza, na Spika wake wa kwanza alikuwa Idris Abdul Wakil, mtoto wa Makunduchi, ambaye mwaka 1985 naye akawa Rais. Katiba ya 1984 ikalipa Baraza msingi imara zaidi, na vyama vingi vilivyorudi 1992 vikalipa wapinzani. Limepata siku zake za kukumbukwa. Mwishoni mwa Januari 2010 hoja ya Abubakar Khamis Bakary wa chama cha upinzani cha CUF ilipitishwa na pande zote mbili, na ikafungua njia ya kura ya maoni ya Julai mwaka huo iliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hapo wawakilishi walifanya kazi ambayo hakuna waziri wala diwani angeweza kuifanya.

Serikali za mitaa zenyewe zilifufuliwa kwa taratibu. Sheria za 1995 ziliweka mabaraza ya manispaa, miji na wilaya, Sheria Na. 7 ya 2014 ikayapanga upya. Na Julai 2017 ukaanza ugatuzi, ambapo elimu ya msingi, afya ya msingi na ugani wa kilimo viliwekwa chini ya mabaraza. Sheha, lakini, hachaguliwi. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa mapendekezo ya Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo mkaazi wa Uroa anayo serikali mbili za karibu: sheha ambaye hakumchagua lakini anamjua vizuri, na diwani aliyemchagua lakini pengine hamjui.

Na Uroa si kijiji cha mambo mepesi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa pwani hii ya mashariki wanalima mwani katika maji ya kupwa, kazi ya mgongo na jua ambayo bei yake hupangwa mbali sana na hapa. Ghuba ya Chwaka, ambayo Uroa imekaa ukingoni mwake, imeshuhudia ugomvi mkali wa wavuvi wa madema na wavuvi wa nyavu za kukokota, hasa baina ya Marumbi na Chwaka katika miaka ya 1990. Umeme uliletwa kwa mradi wa vijijini uliofadhiliwa na Norway, na mtaalamu wa huko, Tanja Winther, aliishi Uroa na kuandika kitabu kizima, kilichotoka 2008, juu ya namna taa na friji vilivyobadilisha maisha ya nyumbani. Na zimekuja hoteli. Fukwe ambazo zamani zilikuwa njia ya kwendea dago na mahali pa kuanikia mwani sasa zina mahema ya wageni na walinzi.

Jaribu kuuliza ni nani mwenye kujibu juu ya jambo moja tu, la mkulima wa mwani aliyezuiwa kuanika mbele ya hoteli. Ardhi yote, kwa sheria ya 1992, iko chini ya dhamana ya Rais, na mgao wake ni wa wizara. Vibali vya uwekezaji viko mjini. Bahari ina idara yake. Taka za hoteli na ushuru wake mdogo ni wa halmashauri. Mbunge anaweza kusema Dodoma, lakini ardhi na uvuvi wa ndani si mambo ya Muungano. Anayeweza kuukusanya mzigo huo wote na kuupeleka mahali pamoja ni mwakilishi, kwa sababu yeye ndiye anayepitisha sheria na bajeti ya Zanzibar. Na mwakilishi atakayeuelewa bila ya kuandikiwa karatasi ni yule aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri Dunga, akaona faili linavyotoka kwa sheha, likapita kwa mkurugenzi, likalala.

Badala yake tumejenga utaratibu unaomgeuza mwakilishi kuwa diwani mkubwa. Mfuko wa maendeleo ya jimbo umempa fedha za kuchimba kisima, kununua mabati ya madrasa, kutengeneza darasa. Wananchi wanampima kwa hayo, naye hana wa kumlaumu. Lakini kila saa anayotumia kugawa saruji ni saa aliyoikosesha kamati ya Baraza inayokagua hesabu za wizara. Diwani, ambaye kazi hiyo ni yake, anabaki hana fedha wala heshima. Mmoja anafanya kazi ya mwenzake, na kazi ya kwanza inabaki bila mtu.

Ulaya na Marekani ngazi ya kutoka baraza la mji hadi bungeni haionewi haya. Wapo hata wanaoishuka: Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliingia katika bunge la jimbo la New York mwaka 2021, kisha akagombea umeya wa jiji, na Novemba 2025 akachaguliwa. Hoja zake kubwa katika kampeni zilikuwa kodi za nyumba, nauli za mabasi na bei ya chakula. Ni orodha ambayo mkaazi wa Ng'ambo wa 1954 angeifahamu bila ya mkalimani.

Sisemi kila diwani anafaa kuwa mwakilishi. Wapo madiwani waliokaa miaka kumi bila ya kuuliza swali moja, na wapo wawakilishi wazuri waliotoka ualimu, uwakili na biashara bila ya kupita Dunga wala Mwanakwerekwe. Wala simpambi Karume. Nimeshasema alichokifanya kwa Baraza na kwa wenzake. Ninachokisema ni kwamba mwakilishi ambaye hajui halmashauri yake inakusanya nini na inatumia nini ataongozwa na watumishi wa wizara kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na wapiga kura wake hawatajua kwa nini.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa 2030. Vyama vina muda wa kutosha kubadilisha fomu zao za kura za maoni, vikamtaka kila anayetafuta uwakilishi aeleze alichokifanya katika wadi yake, kwa tarehe na kwa fedha. Halmashauri nazo hazihitaji kusubiri chama. Muhtasari wa kila kikao cha madiwani ubandikwe katika afisi ya kila sheha, Uroa, Marumbi, Chwaka na Pongwe, kwa Kiswahili cha kawaida na herufi za kusomeka, uoneshe nani alihudhuria, nani aliuliza nini, na fedha ngapi zilikwenda wapi. Karatasi na gundi havihitaji mfadhili.